Machungwa ya Muheza

Nyumba yetu ina kibao: Wakala wa Bima, Moto na Ajali.
Chumbageni nzima inajua hatujawahi kumlipa mtu fidia.
Mimi nakaa chumba cha nyuma, ubavuni mwa choo,
masikioni vikombe viwili vya sponji iliyochubuka,
na kazi yangu ni moja: kusikiliza Kidigo.

Waliniajiri kwa ajili ya herufi mbili.
Mtambo ulioletwa kwa makreti kutoka ng'ambo
unajua Kiarabu, unajua Kisomali, Kiswahili unakibahatisha,
lakini ukifika kwenye *kp* unagoma kama punda darajani.
*Kpwedza*, mtu anasema. Mtambo unaandika: kelele.
Mimi naandika: kuja.
Mwezi ukiandama, nalipwa.

Alhamisi, saa tatu usiku, Bi Mwanatumu wa Mabokweni
anampigia mwanawe aliyekwenda kusini.
*Undauya rini?* Utarudi lini?
Mbaruku hajibu. Anauliza bei ya nazi.
Anauliza kama bati la jikoni bado linavuja.
Halafu anasema, Mama, mwezi ujao kuna harusi,
na simu inakatika.

Harusi.
Afande Shemdoe anagonga meza kwa kalamu.
"Kibwana, harusi ni nini?"
Harusi ni harusi, afande, mpaka isiwe.
"Hiyo si ripoti."

Kweli, si ripoti.
Mwaka juzi niliandika: machungwa ni machungwa.
Walikuwa wawili, wanacheka, wanabishana magunia mangapi,
yatoke Muheza Ijumaa, yasilale njiani.
Mmoja alikuwa na sauti ya mtu anayependa kula.
Nikaandika: biashara ya matunda, hakuna la kufuatilia,
nikavua vikombe, nikaenda zangu Barabara ya Nane kununua mkate.
Jumamosi kituo kimoja kidogo cha polisi
kikapoteza askari watatu.
Mmoja alikuwa na miaka ishirini na miwili na deni la pikipiki.
Najua, kwa sababu baadaye walinipa nisikilize
simu za dada yake akimbembeleza mdai.

Tangu hapo sili chungwa. Sikuapa;
mkono tu hauendi.
Riziki, mke wangu, akianza kumenya, naondoka mkekani.
Anadhani ni tumbo.
Anadhani pia nauza bima. Juzi kaniuliza
mbona nyumba yetu wenyewe sijaikatia.

Basi safari hii, kwenye safu ya maana, sikuandika harusi.
Niliandika neno walilonifundisha kuandika.

Walikwenda Mabokweni saa tisa usiku, magari manne.
Nimeisoma orodha ya vilivyokutwa:
vyungu kumi na viwili, vitupu,
kila kimoja kina doa la rangi kitakoni,
jekundu, kijani, buluu.
Aliyeandika orodha alitia alama ya kuuliza mbele ya rangi.
Hakulelewa uswahilini yule.
Ni vyungu vya kuazima. Kila mwenye chake hukitia doa
kisipotee kwenye shughuli ya mwenzake.

Bibi harusi hakupatikana. Wala baruti.
Wala Mbaruku; ile namba ilizimwa usiku uleule,
na anayejiona yu salama hazimi simu,
ama anazima, kama chaji imekwisha. Sijui.
"Hujakosea," Shemdoe akaniambia, akitazama dirisha.
"Wala hujapatia."
Akanisainia posho.

Leo Alhamisi. Saa tatu.
Bi Mwanatumu anapiga. Yule binti wa kampuni
anamwambia namba haipatikani kwa sasa,
jaribu tena baadaye.
Hakati. Anamsubiri binti amalize, kwa adabu,
kisha anaanza: bati la jikoni halivuji tena, mwanangu,
wale wageni waliling'oa lote.
Vyungu nimerudisha. Kimoja kina ufa, nitamlipa mwenyewe polepole.

Mtambo unasubiri. Kalamu iko mkononi.
Kwenye safu ya maana naweka kistari.
Chini yake, kwa sababu huenda mtu akauliza,
naandika bei ya nazi:
mia nane, ndogo.